Gemu Hulipa Taslimu

Kijana wa kisa hiki ni wa kutunga. Barabara aliyopita, sarafu iliyomla na magemu yaliyomfunza ni vya kweli, na yeyote aliyefanya biashara kati ya Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwaka 2015 na 2016 atamfahamu mara moja. Pengine atadhani namsema jirani yake.

Wenzake walimwita Meya. Jina hilo alilipata katika chumba kimoja cha kompyuta mjini Arua, ambako saa ya kukaa mbele ya skrini ililipiwa, na umeme ulipokatika mwenye chumba aliandika kwenye daftari dakika zako zilizosalia ili uje uzimalizie siku nyingine. Daftari hilo lilijaa. Arua ya wakati ule haikuwa imeungwa kwenye gridi ya taifa. Mji ulikuwa umetegemea jenereta ya mafuta mazito ya megawati 1.5, na tangu 2012 mtambo mdogo wa maji wa Nyagak kule Zombo, megawati 3.5, mradi ambao ujenzi wake ulikwama ukaanza upya kabla haujawasha hata taa moja. Gridi yenyewe ilifika West Nile, eneo lenye Arua, mwaka 2024.

Basi katika mji huo wa giza la mara kwa mara, Meya alimiliki mitambo ya nyuklia. SimCity, gemu lililotolewa na kampuni ya Maxis ya Marekani mwaka 1989, humpa mchezaji ardhi tupu na fedha kidogo, kisha humwachia ajenge mji. Mtambo wa makaa ya mawe ni dola 3,000. Wa nyuklia ni dola 5,000. Kipande cha barabara ni dola 10. Unabonyeza kipanya, mtambo umesimama. Unavuta waya, nyumba zinawaka. Hakuna mkandarasi anayeacha kazi njiani, hakuna mwenye shamba anayedai fidia ya mihogo yake, hakuna kikao cha halmashauri kinachoahirishwa kwa kukosa akidi. "Nyagak ingekuwa mikononi mwangu," alipenda kusema, "ningeimaliza kabla ya chai." Watu walicheka. Naye alicheka, ila kila mara aliacha kucheka mapema kuliko wao.

Alikuwa na akili, tusimwonee. Aligundua bila kuambiwa na mtu kwamba katika SimCity ile ya kwanza reli haileti msongamano wala moshi, kwa hiyo mji usio na barabara hata moja, wenye reli tupu toka mwanzo hadi mwisho, hustawi vizuri sana. Akajenga mji wa namna hiyo na kuwaita wenzake waone. Ni ugunduzi halali, lakini unatufundisha nini kuhusu reli? Hakuna. Unatuonyesha jinsi Will Wright, mbunifu wa gemu hilo, alivyoandika hesabu yake ya usafiri. Kila gemu la kuendesha mji, kampuni au shamba limejengwa juu ya maoni ya mtu fulani kuhusu dunia inavyokwenda, na mchezaji hodari ni yule aliyeyachunguza maoni hayo mpaka akayajua kwa moyo.

Wright naye alichota kwa mwingine. Mwaka 1969 Jay Forrester, profesa wa MIT, alichapisha kitabu kiitwacho Urban Dynamics. Forrester alikuwa mhandisi. Alijua kompyuta na alijua viwanda. Miji alianza kuifuatilia alipokuwa akizungumza na John Collins, aliyekuwa ametoka kwenye umeya wa Boston. Akaugeuza mji kuwa milinganyo, akaiendesha kwenye kompyuta, nayo ikamjibu kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu huudidimiza mji wenyewe. Wakosoaji walipochungulia ndani ya milinganyo hiyo walikuta vitongoji havimo. Tajiri au kiwanda kilichohamia nje ya mpaka wa mji kilitoweka kwenye hesabu, hata kama kilihamia hatua chache tu. Jibu lilikuwa sahihi kwa mji ule uliomo kwenye kompyuta. Boston ilikuwa na mambo mengine.

Gemu lililomponza Meya, hata hivyo, lilikuwa jingine. Mwenye chumba alinakili kwenye kompyuta zake OpenTTD, gemu la bure lililoanza mwaka 2004 kama mwendelezo wa Transport Tycoon, kazi ya Mskoti Chris Sawyer iliyotoka mwaka 1994. Linakubali kompyuta dhaifu, halihitaji intaneti, na likishamshika mtu halimwachii. Unaanzisha kampuni ya usafirishaji. Unaanza na mkopo, na ukitaka kuongeza mkopo unabonyeza kitufe. Unanunua malori, magari moshi, meli na ndege. Unachukua makaa ya mawe mgodini, unayapeleka kwenye mtambo wa umeme, unalipwa.

Unalipwaje? Hapa msomaji anivumilie kidogo, maana kisa chote kimelala hapa. Malipo hutegemea wingi wa mzigo, umbali kati ya kituo ulikopakia na kituo unakoshusha, na muda uliotumia njiani. Ukienda mbali zaidi, ilimradi usichelewe mno, unalipwa zaidi. Fedha huingia pale pale unaposhusha, na tarakimu inaelea juu ya lori kwa maandishi madogo. Mtambo wa umeme haujai. Hausemi bei ya makaa imeshuka. Haumwambii dereva, "Mwambie tajiri wako aje Ijumaa." Wala haujawahi kutokea mtambo uliopokea shehena ukasema utalipa ukishauza umeme.

Meya aliicheza kanuni hiyo mpaka ikawa sehemu ya akili yake. Tena alijifunza mambo ya maana humo. Katika gemu gari huchakaa, huharibika njiani, na lisipopelekwa karakana kwa wakati huleta hasara. Alipokuja kuwa na gari lake mwenyewe, hakuna lori Arua nzima lililobadilishwa oili kwa tarehe kama lake. Madereva walimshangaa. Alikuwa na daftari la safari, daftari la mafuta, daftari la matairi. Mwenye kutaka kusema gemu halikumfundisha kitu atakuwa hajawahi kuyaona madaftari hayo.

Mwaka 2015 mama yake alichukua mkopo kwa kuweka rehani kiwanja chao, wakanunua Fuso lililotumika. Zilikuwa siku njema za kuwa na lori. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ilikuwa ikiwekwa lami miaka hiyo, na Koboko ni mji ambao kwa mfanyabiashara hauhitaji sifa za ziada: Kongo iko upande mmoja, Sudani Kusini upande mwingine, na mahali panapoitwa Salia Musala nchi tatu zinakutana. Wakakwa, ambao ndio wenyeji, wako pande zote tatu. Mpaka uliwakuta hapo. Ukienda sokoni Koboko utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili cha kila namna kabla hujanunua kilo ya sukari.

Shangazi yake Meya, Hajati, alikuwa na duka la jumla hapo: sabuni ya mche, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, chumvi, sukari. Meya alimpelekea mizigo kutoka Arua, safari fupi, faida ndogo, malipo ya papo hapo. Hajati aliuza kwa taslimu tu. Wateja wake wengi walivuka kutoka Kaya, upande wa pili wa Oraba, wakiwa na fedha mkononi, na yeye alipokea shilingi, dola, faranga na pauni ya Sudani Kusini bila kununa. Ila pauni alikuwa na desturi nayo. Hakuichanganya na fedha nyingine. Aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya meza, na kila siku kabla ya alasiri kijana wake alilibeba kopo hilo kwa wabadilishaji fedha na kurudi na shilingi.

"Pauni hailali dukani kwangu," alimwambia Meya alipomuuliza. Hakueleza zaidi, na Meya hakuuliza zaidi.

Siku aliyokwenda kumweleza mpango wake alikuta Hajati anahesabu maboksi ya sabuni.

"Asalaam aleikum, shangazi."

"Waaleikum salaam, baba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Shangazi, nina hesabu nataka uione."

Akamfungulia karatasi. Arua hadi Koboko, lori linaingiza kiasi hiki. Koboko hadi Yei, huko Sudani Kusini, zaidi ya mara mbili. Mpaka Juba, usiseme. Gari ni lile lile, dereva yule yule, na mafuta hayaongezeki kama mapato yanavyoongezeka. Hesabu ilikuwa safi, imepigwa mistari kwa rula.

Hajati aliisoma yote. Kisha akauliza, "Na huyo wa Yei anakulipa lini?"

"Akishapokea mzigo."

"Akishapokea, au akishauza?"

Meya aliitazama karatasi yake. Swali hilo halikuwa na safu. Akajibu kwamba hilo ni suala la kuelewana na mteja, nao watu wa Yei ni waungwana. "Waungwana sana," Hajati alikubali. "Lakini mimi, mwanangu, anayetaka sabuni yangu huifuata hapa. Ya huko mbele namwachia mwenye kuijua njia."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Marehemu mumewe alikuwa mmoja wa wauza mafuta wa Arua waliojulikana kwa jina la OPEC Boys. Wasomaji wa West Nile hawahitaji kuelezwa. Wengine wajue kwamba baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979 watu wengi wa eneo hili walikimbilia Kongo na Sudani, na waliporudi miaka ya 1980 baadhi ya vijana wao walianza kuingiza petroli kwa magendo kutoka Kongo na kuiuza kandokando ya barabara kwa jerikeni na chupa, kwa bei iliyo chini ya ile ya vituo. Sitetei magendo. Lakini kama kuna chuo cha menejimenti kilichowahi kufunguliwa Arua kabla ya vyuo vyenye mabango, ndicho hicho. Vijana wale walijua bei ya Ariwara, upande wa Kongo, ya asubuhi ile, walijua nani yuko zamu kwenye kizuizi cha barabarani, walijua kituo kipi kimeishiwa na mwanasiasa gani anataka kura zao mwaka huo. Na walijua kwamba yote hayo yanaweza kubadilika kufikia saa sita mchana. Mke wa mtu wa namna hiyo haangalii umbali kwanza. Anaangalia nani atalipa, kwa fedha gani, na fedha hiyo itakuwa na nguvu gani atakapoishika.

Safari za kwanza za Yei zilimpa Meya haki. Alilipwa vizuri, akarudi na picha kwenye simu, akamnunulia mama yake kitenge. Wateja walimpenda kwa sababu alifika siku aliyosema. Kisha mmoja akaomba akopeshwe nusu ya mzigo, alipe safari ijayo, na safari ijayo kweli akalipa. Mwingine akaomba mzigo mzima kwa mwezi mmoja. Meya alikubali, maana mauzo yalipanda, na mstari unaopanda ndio alioufukuza miaka yote mbele ya skrini. Akakodi lori la pili. Mikopo yote aliiandika daftarini kwa pauni, kwa sababu wateja waliuza kwa pauni. Gemu lilimlipa kwa pauni, Yei wakamlipa kwa pauni. Tofauti ya pauni hizo mbili ndiyo iliyokuwa ndani ya kopo la Hajati.

Tarehe 15 Desemba 2015 serikali ya Sudani Kusini iliacha kuishikilia sarafu yake. Kiwango rasmi, kilichokuwa chini ya pauni 3 kwa dola, kiliruka hadi karibu pauni 18.5. Wabadilishaji wa Koboko hawakushtuka, maana mtaani pauni ilikuwa imekwisha poromoka miezi mingi nyuma. Serikali ilikuwa inakiri tu kile ambacho kila muuza sabuni alikijua. Kilichouma ni kwamba haikusimama hapo. Iliendelea kushuka wiki baada ya wiki, na ilipofika Oktoba 2016 mfumuko wa bei wa mwaka nchini humo ulikuwa umepita asilimia 800.

Wadeni wa Meya walimlipa. Ningependa msomaji alishike hili, kwa sababu tukisikia mtu kafilisika tunamtafuta mwizi. Hapakuwa na mwizi. Mteja aliyeandikiwa pauni kadhaa mwezi wa kumi alileta pauni zile zile mwezi wa kwanza, zimefungwa kwa mpira, hazikupungua hata moja. Meya akazipeleka kwa wabadilishaji wa Koboko, akatoka na shilingi zisizotosha kununua tena sabuni aliyompa yule mteja. Daftari lilisema amelipwa. Benki ilisema anadaiwa. Yote mawili yalikuwa kweli.

Angesimama hapo, angebaki na lori. Lakini gemu lilikuwa limemfundisha dawa ya hasara: kopa, ongeza magari, ongeza umbali, wingi utafunika pengo. Katika Transport Tycoon dawa hiyo huponya karibu kila mara, kwa sababu riba haimtishi mtu na wateja hawaishi. Akaongeza mkopo. Hajati alimwita Koboko amwonye, naye Meya akatuma salamu kwamba yuko njiani. Mwanzoni alikuwa akimuuliza shangazi yake mambo kumi kwa siku moja. Kufikia wakati huo alikuwa anampa taarifa tu, na baadaye hata taarifa hakumpa.

Tarehe 8 Julai 2016 mapigano yalizuka Juba. Mwanzoni watu wa Koboko walidhani ni ya Juba na yataishia Juba. Vita vikashuka kusini, Equatoria, njia ya Yei ikawa ya kuviziana, na watu wakaanza kumiminika mpakani na magodoro vichwani. Mwezi Agosti makazi ya wakimbizi ya Bidibidi yalifunguliwa wilayani Yumbe. Kufikia mwisho wa mwaka yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Mzigo wa mwisho wa Meya, mkubwa kuliko yote, ulikuwa umeshashushwa Yei kwa mkopo. Lori lilirudi. Dereva alirudi. Mengine hayakurudi.

Meya alimwona mdeni wake mkubwa huko Oraba. Mtu huyo, ambaye miezi michache nyuma alikuwa na duka lenye milango mitatu, alikuwa kwenye foleni ya kuandikishwa, na mwanawe mdogo amelala begani. Yeye ndiye aliyeanza kusalimu. Akasema, "Ndugu yangu, sijasahau." Meya alimpa maji na biskuti zilizokuwa garini. Hakumuuliza kitu, na sijui mtu ambaye angeuliza.

Fuso liliuzwa, kisha kiwanja.

Mjini Arua wazee walitoa hukumu yao upesi: kompyuta imemharibu mtoto. Mimi sikubaliani nao, na sababu ninayo kutoka mbali. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Ujerumani Dietrich Dörner na wenzake walitengeneza nchi ndani ya kompyuta. Waliiita Tanaland, wakaiweka Afrika Mashariki. Ilikuwa na mto, ziwa, wakulima walioitwa Watupi, wafugaji walioitwa Wamoro, na kando ya ziwa kijiji kilichopewa jina la Lamu. Watu wa Lamu ya kweli, wenye bahari yao, watatusamehe. Watu 12 walipewa mamlaka ya kidikteta juu ya nchi hiyo kwa miaka kumi ya kwenye kompyuta na wakaambiwa wawafanye wenyeji waishi vizuri. Hawakuwa vijana wa chumba cha gemu. Walikuwa na elimu, nia njema na muda wa kufikiri.

Wengi wao waliiangamiza Tanaland. Walileta mbolea, chakula kikaongezeka. Walileta tiba, watoto wakaacha kufa. Kwa miaka ya kwanza kila kitu kilipanda, nao wakajipongeza. Hawakuona kwamba idadi ya watu inakua kwa kasi ambayo mashamba hayaifikii, hadi njaa ilipoingia na kuua watu wengi. Waliwinda panya na nyani wanaokula mazao, na chui waliokosa mawindo wakahamia kwenye ng'ombe. Dörner aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu mantiki ya kushindwa, na kitu kimoja alichokiona kinanirudisha Koboko: washiriki walianza kwa maswali mengi na maamuzi machache, na kadiri walivyozoea ndivyo maswali yalivyopungua na maamuzi yalivyoongezeka. Yaani walidhani wameshaielewa nchi, kumbe walikuwa wameshazoea tu kuitawala.

Kwa hiyo kosa la Meya halikuzaliwa Arua wala halikuzaliwa na ujinga. Wala sikubaliani na wale wanaosema tuwape vijana magemu mengi zaidi kwa kuwa yanafundisha biashara. Yanafundisha biashara ya mtu aliyeyaandika. Sawyer hakuwa na haja ya kuandika mteja anayekopa, kwa sababu alitaka gemu la kufurahisha, na kudai madeni hakumfurahishi mtu. Hana hatia yoyote. Wright hakuwa na haja ya kuandika mkandarasi anayeacha kazi. Lakini kijana wa Arua anayelitumia gemu kama shule anahitaji mtu wa kukaa naye mwisho wa mchezo na kumuuliza: katika mji huu wako, nani hayumo? Mpakani mwa ramani yako kuna nini? Fedha hii ni ya nani, na kesho itakuwa na thamani gani? Katika gemu kuna kitufe cha kusimamisha muda ili utazame ramani yote kwa utulivu. Mwezi Julai 2016 Meya alikitafuta.

Walimu wa shule za Arua na Koboko wenye maabara za kompyuta wanaweza kuanza wiki hii. Wasiyafute magemu haya kwenye mashine. Wayaache, na wamtake kila mwanafunzi anayecheza aandike ukurasa mmoja wa mambo ambayo gemu limeyaficha. Ukurasa huo utakuwa na somo kubwa la uchumi kuliko saa tatu za kujenga reli.

Na kuna kazi kubwa zaidi, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Muni hapo hapo Arua, kinachofundisha teknolojia ya habari. OpenTTD ni programu huria: msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha. SimCity ile ya 1989 nayo msimbo wake uliachiliwa kwa umma mwaka 2008 kwa jina la Micropolis. Wanafunzi wa Muni, chukueni mmojawapo. Choreni humo Vurra, Arua, Koboko na Oraba. Wekeni mteja mwaminifu anayelipa baada ya miezi mitatu. Wekeni sarafu nne zinazopanda na kushuka, mpaka unaofungwa bila taarifa, umeme unaokatika katikati ya kazi, na shangazi anayeweza kuulizwa swali. Likishakamilika, kabla ya kulitoa kwa watu, nendeni Koboko mkamsomee kanuni zake mfanyabiashara mmoja wa jumla, na mumwachie kalamu.